Kicheko Darasani

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka nyumbani kwao Ngoingwa, Safaa alimkariria mamake tarehe za historia huku akifunga kamba za viatu. Hakukosea hata moja. Kidato kizima cha tatu kilijua kwamba somo hilo lilikuwa lake.

Siku moja Mwalimu Githinji alifundisha kuhusu vijiji ambamo wakoloni waliwalazimisha watu kuishi wakati wa hali ya hatari. Lynn, msichana mpole kutoka Gatuanyaga, akainua mkono.

"Shosho yangu, mamake baba, aliishi huko, mwalimu. Anasema watoto walilala njaa kwa sababu mama zao walishinda wakichimba handaki."

"Hiyo iko ukurasa gani?" Safaa akadakia. "Ama kwa mtihani tutaandika shosho?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu aliwakemea, lakini Lynn alikuwa ameshaketi. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena. Wakati wa kuchagua masomo ulipofika, aliiacha historia akachukua biashara.

Kisha ukaja mtihani: Eleza jinsi maisha ya vijiji hivyo yalivyowaathiri wanawake na watoto. Safaa alijaza tarehe na majina ya magavana. Akaanguka vibaya.

"Umeniambia mambo yalitokea lini," Mwalimu Githinji alisema. "Hukuniambia watu waliishi vipi."

Safaa alimkumbuka Lynn, uso ukamwaka kwa aibu. Jumamosi alipanda boda boda hadi Gatuanyaga.

"Lynn, nilikukosea. Nisamehe."

"Yameisha," Lynn alijibu, macho chini. "Lakini nilikuwa nataka kuwa mwalimu wa historia."

Safaa akaomba kumsikia shosho akisimulia. Shosho aliwamiminia uji, akasimulia jinsi mamake alivyorudi jioni viganja vikivuja damu, na jinsi ndugu yake mchanga alivyofia kijijini humo kwa njaa. Safaa alisikiliza hadi uji ukapoa.

Muhula uliofuata aliongoza darasa. Hata hivyo, alimfuata mwalimu nje akiwa amenuna.

"Nimefaulu, mwalimu, lakini sina furaha. Lynn angenishinda."

"Huenda," Mwalimu Githinji akasema. "Historia ni watu, Safaa. Ukimcheka anayesimulia, unamnyamazisha yeye na kujinyima mwenyewe. Lynn amekusamehe, lakini somo lenyewe amelipoteza. Hilo hatuwezi kulirudisha. Ila darasani wamebaki wengi wanaoogopa kuinua mkono. Kesho, mmoja wao akizungumza, nyamaza umsikilize."