Mwache Ahesabu

Kosa la kwanza lilikuwa dogo hivi kwamba ni mtu mmoja tu aliyeliona, na hata yeye alilalamikia jambo ambalo wengine wangelishukuru. Mashine mpya ya kupimia miwa ilikuwa na mbio kupita kiasi.

"Madam, hii kitu yako iko na haraka," Masinde alisema kwenye simu. "Trekta inapanda mizani, nabonyeza, tiketi imetoka. Hapo hapo."

"Si ndivyo mlitaka, mzee?"

"Ile ya zamani ilikuwa inavutanga pumzi kwanza. Hii haivuti."

Winrose alicheka. Masinde alikuwa karani wa mizani kwa zaidi ya miaka thelathini, katika kituo cha miwa nje ya mji wa Kakamega, upande wa barabara ya Mumias, na karani wa miaka thelathini hakosi la kulalamikia hata siku ya mshahara. Alipokata simu aligundua kwamba hakuwa amecheka tangu Januari, na kicheko kikamwisha.

Winrose Mukhwana alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, mwanamke wa miaka arobaini na minne, na kazi zake alizifanyia nyumbani kwake Amalemba. Katika nyumba hiyo aliishi na mama yake, Pascalia, hadi Januari, walipompeleka kwao Mautuma kumzika. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina. Wateja walimwita Madam. Muuza maziwa alimwita kastoma. Mama ndiye aliyekuwa akimwita Winrose alipokuwa na hasira na *mayi*, yaani mama, alipokuwa na furaha, kwa kuwa jina la nyumbani la Winrose lilikuwa la nyanya yake, mamake Pascalia, na mtu hawezi kumwita mamake mzazi kwa jina hivi hivi. Sasa hasira na furaha vyote vilikuwa vimezikwa Mautuma, na kiti cha mama kilibaki pale dirishani kikimtazama.

Kazi ya mizani ilimjia wakati mzuri. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeanza kuzimika ovyo, na wenye kiwanda walitaka programu ileile katika kompyuta mpya. Ilikuwa imeandikwa mwaka wa tisini na moja na mtu aliyeitwa Ignatius Wandera, marehemu sasa, katika lugha ya C jinsi ilivyoandikwa siku hizo. Winrose alitakiwa kuipitisha kwenye kompaila mpya. Kompaila ndiyo inayoyachukua maandishi ya mtu na kuyageuza yawe lugha ya mashine, na hii mpya ilikuwa na ukali wa mama mkwe. Siku ya kwanza ilimtolea maonyo mia mbili na kumi na mawili.

Aliyashughulikia moja baada ya jingine kwa wiki mbili, na hakuona haya kusema kwamba alizifurahia. Wandera aliandika vidokezo vya Kiswahili kando ya kila sehemu: hapa pana ujanja, hapa usikimbilie, hapa mimi mwenyewe nililala njaa. Kumsoma kulikuwa kama kuzungumza na mtu. Pahali pamoja palimfanya atabasamu. Baada ya kila trekta kupimwa, programu iliambiwa ihesabu kutoka moja hadi milioni moja, na haikuambiwa ifanye kitu kingine chochote. Juu yake Wandera aliandika maneno mawili: *Mwache ahesabu.*

Winrose akamwacha. Kitu cha marehemu hakitupwi kwa sababu tu hukielewi, na hilo alifunzwa kwao.

Lakini kompaila haikufunzwa kwao. Iliambiwa itengeneze programu yenye mbio, ikaona kuna mtu anayehesabu hadi milioni moja na jibu lake halitumiwi na yeyote, ikaitupa hesabu yote nje bila onyo hata moja. Kwenye maandishi hesabu ilikuwepo. Ndani ya mashine haikuwepo. Winrose hakujua, akapeleka kazi yake kituoni akiwa na fahari ya mtu aliyeondoa maonyo yote.

Siku iliyofuata simu ya Masinde, mvua ilianza saa tisa alasiri, kama kawaida ya Kakamega. Winrose alikuwa mezani. Ikamjia harufu ya miwa iliyoungua, masizi mabichi na sukari, nzito hata akakunja pua. Amalemba hakuna miwa. Akainuka kufunga dirisha, na hapo ndipo alipoitwa kutoka jikoni.

"Winrose."

Mara moja tu, kwa sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke, sauti ya mtu anayesoma jina kwenye orodha. Alikuwa ameshafungua kinywa aitike. Akakumbuka onyo la mama yake: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza, mtu ataita mara ya pili, kile kingine huita mara moja tu. Akasimama pale akiwa ameshika komeo la dirisha, akingoja kuitwa tena, na hakuitwa.

Kesho yake mvua ilipoanza kugonga mabati aliitwa kutoka ukumbini, na keshokutwa akaitwa kutoka nyuma ya kiti chake, karibu sana, hata nywele za kisogoni zikasisimka, na akabaki ameuma ulimi huku harufu ya masizi ikimjaa kooni na chai yake ikipoa na mvua ikikazana juu ya bati, akiogopa kugeuka, akiogopa kutogeuka, na akiogopa zaidi ya vyote kitu alichokiona ndani ya moyo wake mwenyewe, kwamba tangu asubuhi alikuwa akiitazama saa.

Jioni hiyo Masinde alipiga simu. Alikuwa akinong'ona.

"Madam, kuja. Bramwel ameitika."

Bramwel alikuwa dereva wa trekta, kijana mwenye kelele na utani. Asubuhi Winrose alimkuta amekaa kwenye baraza ya kibanda cha mizani, akitazama rundo la miwa. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Elfu kumi na moja mia nne na sita," alikuwa akisema polepole. "Elfu kumi na moja mia nne na saba."

"Tangu jana saa tisa," Masinde alisema. "Hali, halali. Pasta amemwombea. Ustadhi wa Mumias amemsomea. Bado anahesabu tu." Akamvuta Winrose kando. "Niambie ukweli, Madam. Uliondoa hesabu ya Wandera?"

"Sikuiondoa, mzee. Iko pale pale."

"Sasa mbona mashine haivuti pumzi?"

Masinde akatazama nyuma kwanza, kisha akaongea kwa sauti ya chini.

"Walipochimba hili shimo la mizani, waliamsha kitu. Watu wa Mumias walisema ni jini. Sisi tukasema ni omusambwa. Padri akasema ni shetani. Kilikuwa kinaitanga watu majina, hata kwao nyumbani, mvua ikianza. Fundi mmoja akaitika, akaanza kuhesabu hivi hivi."

"Alipona?"

"Alihesabu siku tisa. Ya kumi tukazika." Masinde akajipangusa uso. "Wandera alikuwa na nyanya yake kule Malinya, alikuwa anamwaganga mbegu za wimbi mlangoni jioni. Hiyo kitu haivukangi mbegu bila kuhesabu yote. Wandera akasema, mimi sina wimbi, niko na kompyuta. Akaipatia kazi. Kila trekta, hesabu. Miaka yote hii tumekaa kwa amani."

"Inataka nini kwa watu?"

"Si kuua. Imechoka kuhesabu peke yake. Inatafuta mwenzake."

Winrose akafungua kompyuta yake palepale juu ya meza ya tiketi na kwa mara ya kwanza akaitazama lugha ya mashine yenyewe, mstari kwa mstari. Pale ambapo hesabu ilipaswa kuwa hapakuwa na kitu. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe, na yeye alikuwa amemwamsha aliyelala na kumfuta kazi juu yake.

Dawa yake ilikuwa neno moja, neno linaloiambia kompaila: hapa usiguse, hata kama huoni faida yake. Akaliweka kwenye hesabu ya Wandera. Akaongeza sifuri tatu, maana mashine mpya ingemaliza milioni moja kabla mtu hajapepesa jicho. Akaipitisha upya, akaiweka kwenye kompyuta ya mizani. Masinde akaita trekta ya kwanza, ikapanda, akabonyeza.

Kimya. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Tiketi ikatoka.

"Imevuta," Masinde alisema, na machozi yakamlengalenga.

Barazani Bramwel alikuwa ameishia katikati ya namba. Aliangalia huku na huku kwa hasira. "Nani amekunywa chai yangu?"

Walicheka wote, kicheko cha watu waliotoka mazishini. Winrose akarudi Amalemba akijua amefanya jambo jema. Saa tisa mvua ikanyesha, ikanuka mvua tu. Hakuna aliyeita. Kesho yake pia hakuna aliyeita, wala wiki iliyofuata, na mwezi ukapita. Alipaswa kufurahi. Hakufurahi. Alikaa mezani akisikiliza mabati, na nyumba ilikuwa tupu kuliko siku aliyotoka makaburini, na maneno ya Masinde hayakumtoka kichwani, kwamba kitu kile kilichoka kuhesabu peke yake.

Kisha kiwanda kikafungwa kwa matengenezo, na stima ya kituoni ikakatwa. Masinde akamjia hadi mlangoni, kofia mkononi.

"Kila tukifunga, Wandera alikuwa anaiachanga ikihesabu mpaka tufungue. Sasa hakuna stima. Weka hesabu kwako, Madam. Usizime. Hata dakika moja."

"Sitazima, mzee."

Akaiwasha hesabu kwenye kompyuta yake mezani, kioo kikikielekea kiti cha mama, na namba zikawa zinapita kwenye kioo mchana kutwa. Siku ya kwanza aliiangalia kwa hofu. Siku ya nne alikuwa akiisalimia asubuhi. Siku ya nane ilikuwa Jumapili. Waimbaji wa kanisa walipita njiani na sauti zao zikapotea kuelekea mjini. Simu ililia mara moja, ikawa ujumbe wa kampuni ya simu: mpendwa mteja.

Alichemsha chai. Akamimina vikombe viwili kabla ya kujijua, kisha alipojijua hakurudisha kimoja. Aliikumbuka midomo ya Bramwel. Alizikumbuka siku tisa za yule fundi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alijiambia, na alijua anajidanganya, lakini alikuwa mpweke, mpweke kiasi kwamba hata uongo ulikuwa aina ya mgeni.

Saa tisa tone la kwanza liligonga bati. Winrose akakivuta kiti cha mama karibu na meza, akanyoosha kidole, akaisimamisha hesabu.

Namba zikaganda. Harufu ya miwa iliyoungua ikaingia taratibu, na mvua ikakaza, na ukumbini pakasikika miguu iliyokuwa ikiburuta kandambili, hatua fupi fupi za mtu mwenye goti bovu, zikapita jikoni, zikapita mlangoni, zikaja hadi nyuma yake, na yule aliyekuja akakohoa kikohozi kidogo kikavu ambacho Winrose alikuwa amekisikia kila asubuhi ya maisha yake hadi Januari.

"Mayi."

Mara moja tu. Hakungoja ya pili.

"Ee, mama," akaitika.

Kiti kikalia kwa uzito wa mtu anayekaa. Moshi wa chai kwenye kikombe cha pili ukainama upande mmoja. Nje Amalemba nzima ilikuwa imejifungia kwa mvua, na hakuna ambaye angesikia.

"Moja," ikasema ile sauti, kwa upole.

"Mbili," akasema Winrose.