Zabibu Haziogi Kabla ya Safari

Mwalimu Loisi anafundisha shule ya msingi Chamwino. Jumatatu hadi Ijumaa anashika chaki. Jumamosi anashika usukani. Ana gari dogo, Toyota Noah, alilolinunua kwa akiba ya miaka sita. Hukunja viti vya nyuma, akawabebea wakulima wa Buigiri zabibu hadi Dodoma mjini.

Mteja wake ni Mwanaidi, mwenye duka la matunda mtaa wa Area D. Lakini Jumamosi mbili mfululizo zabibu zilifika zimelainika na kuchuruzika maji.

"Mwalimu, nakuheshimu," Mwanaidi alimwambia. "Ila zikija hivi tena, natafuta dereva mwingine."

Stanley, mume wa Loisi, hakuficha lake. "Mama Brighton, gari hili linatumaliza. Nimeshapata mnunuzi. Mzigo wa Jumamosi hii ukiharibika, tuliuze."

Maneno hayo yalimuuma Loisi. Gari lile ni jasho lake.

Jumatano jioni alikwenda kwa jirani yao, mzee Ludovick. Mzee huyu aliendesha malori ya matunda miaka thelathini, na ulimi wake una pilipili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hebu nieleze, unazibebaje?"

"Zinavunwa mchana. Naziosha vizuri, halafu..."

"Unaziosha?"

"Ndiyo. Zina vumbi jeupe. Naona aibu kumpelekea mtu kitu kichafu."

Mzee Ludovick alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Ule weupe si uchafu! Ni utando wa zabibu yenyewe. Unailinda. Ukiiosha na kuifungia garini na maji yake, itaoza tu. Anayeosha ni mlaji, akitaka kula. Na njiani unasimama?"

Loisi aliinamisha kichwa. "Wazazi wa wanafunzi wananisimamisha. Nitapitaje bila kuwasalimu?"

"Na gari liko juani?"

"Liko juani."

"Salamu zetu nazijua! Tunaanza na watoto, tunamaliza na mbuzi. Punga mkono, upite. Utawasalimu ukirudi."

Kisha akamwelekeza. Wakulima wavune alfajiri, kabla ya jua kali. Wapange zabibu kwenye kreti fupi, zile za chini zisipondeke. Waziache kivulini zipoe, ndipo wapakie. Madirisha yawe wazi kidogo.

"Na bima?" mzee akauliza. "Umewaambia watu wa bima kwamba unabeba mizigo ya watu kwa malipo?"

"Sijawaambia, mzee."

"Kawaambie. Bima ya gari la familia inaweza kukataa kulipa ukipata ajali na mzigo wa biashara. Ulizia na kibali cha kubeba mizigo."

Alhamisi, baada ya vipindi, Loisi alikwenda kwenye ofisi ya bima, kisha akashughulikia kibali. Alirudi na karatasi zake zimekamilika.

Jumamosi alfajiri, yeye na Stanley walikuwa shambani pamoja na wakulima. Walikata vichala kwa mkasi, wakavipanga taratibu. Hakuna aliyegusa maji.

Njiani, mama mmoja aitwaye Penina alisimama kando ya barabara. "Mwalimu! Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo! Narudi sasa hivi!" Loisi alipunga mkono, akapita. Ilimchoma kidogo, lakini alipita.

Area D, Loisi na Stanley waliposhusha mzigo, Mwanaidi alifungua kreti ya kwanza. Akafungua ya pili. Akainua kichala, akakigeuza huku na huku. Zabibu zilikuwa ngumu, na utando wake mweupe haujaguswa.

"Mwalimu," alisema, "Jumamosi ijayo niletee mara mbili ya hizi. Na dada yangu mwenye duka sokoni anataka namba yako."

Loisi alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Aliringa, na alistahili kuringa.

Simu ya Stanley ikalia. Alikuwa yule mnunuzi, anauliza aje saa ngapi kuliona gari.

Stanley alimtazama mkewe, akasimama wima.

"Samahani, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya kusikika duka zima. "Hilo ni gari la mke wangu, na mke wangu yuko kazini."