Hodi Kutoka Ndani

Mize wa Silver Spring, Marekani, ndiye aliyenisimulia kwanza, nami nayaandika kama yalivyompata mwaka 2007.

Alikuwa mfanya usafi Landover, kwenye karakana ya kampuni iliyoshirikiana na serikali kujenga nyumba ya kukaliwa Mwezini. Ndani ya nyumba ya majaribio iliyojengwa humo karakanani, Jawad, fundi wa kwao Lamu, alifungiwa ili kuijaribu, akakosa hewa akafa. Aligonga sana. Bosi alikataza mlango usifunguliwe. "Mwacheni azoee!" alisema.

Baada ya kifo hicho, jioni moja ya baridi umeme ulizimika. Mize alikuwa akipiga deki, bosi akitafuta tochi. Kutoka ndani ya nyumba ile tupu ikaja sauti ya taratibu: "Hodi."

Kwa mazoea ya kwao, Mize akaitika kabla hajafikiri: "Karibu."

Mlango mzito ukafunguka. Vishindo vya miguu vikampita gizani, vikaelekea kwa bosi. Kitu kikaburutwa sakafuni, mlango ukajifunga. Ndani, bosi akaanza kugonga. "Mize! Fungua!"

Ufunguo alikuwa nao. Akamaliza kupiga deki.

Asubuhi alimpigia simu mama yake Jawad.

"Najua, mwanangu," mama alisema. "Jawad kanipigia usiku. Nikamuuliza nani analia huko nyuma. Kasema ni mgeni wake."