Mama Aliyeshuka Bwawani Kunywa

Jioni hiyo mimi na mke wangu Donatille tulikuwa tunapandisha jerikani za maji kutoka ziwani. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Huku kwetu Rubavu ardhi ni mawe meusi ya volkano. Mvua inyeshe vipi, maji yanazama. Na mimi nilikuwa nimeuza ng'ombe wetu wa pekee, nikanunua vifaranga vya tilapia, nikatandika udongo wa mfinyanzi kwenye shimo la mawe mteremkoni chini ya nyumba, liwe bwawa. Hao samaki wakifa, hatuna kitu.

Njiani jirani yetu Mukantwari akatucheka.

"Callixte we! Samaki zako zinaoga kushinda mama yako!"

Tulipofika, mama mmoja mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa. Hatukumjua. Alinuka... kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

"Mwanangu, nipatie maji."

Kwetu mtu hanyimwi maji. Mungu anisamehe, mimi nilimnyima.

"Hii ni ya samaki, mama. Pita kwa jirani."

Akashuka shimoni taratibu, akapiga magoti, akainamisha kichwa majini.

Kum... kum... kum...

Hakuinuka hata kuvuta pumzi.

"Mama, inatosha!"

Nikawasha taa ya mafuta, nikaanza kushuka nayo mkononi. Nilipoiteremsha kufika magotini, ikazimika.

Hakukuwa na upepo.

Donatille akanikamata shati kwa nyuma.

"Usishuke! Iko mazuku mule!"

Mazuku ni hewa mbaya. Inatoka ardhini, inalala mashimoni, inaua mbuzi wakiwa wanakula majani. Sote tunaijua. Lakini nilipotafuta pa kuwekea samaki, nikaona shimo limekaa vizuri kama sahani, tamaa ikanifunga macho.

Nilivuta kwenda. Donatille akavuta shati kurudi.

Chini, kunywa kukakoma.

Kimya...

Asubuhi, upepo ulipoipeperusha ile hewa, tukashuka na wanaume wa jirani. Samaki wote walikuwa wamelala kwenye udongo mkavu, midomo wazi. Maji hakuna.

Yule mama hayupo.

"Mazuku imewaua," wakasema. "Na udongo umetoboka."

Nilitafuta tundu kwa vidole. Sikuliona.

Jumapili nikaungama. Tukiwa tunatoka kanisani nikamwambia Donatille kwamba nimemweleza padri yote: yule mama aliomba maji tu, hakusema neno lingine.

Donatille akasimama.

"Alisema," akaninong'oneza. "Kule chini. Hukusikia?"

"Alisema nini?"

"Aliniita kwa jina. 'Donatille, achilia shati yake. Bado niko na kiu.'"