Ukurasa wa Mwisho wa Fundi Kitwana

Nasrin alikuza maandishi mara mbili, kisha mara tatu, na kila mstari kwenye kioo cha kompyuta ukakua isipokuwa wa mwisho.

"Ajabu hii," akasema, akabonyeza tena. "Picha ni moja, Bi Mardhiya. Ikikua, inakua yote."

Bi Mardhiya alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa miaka miwili sasa macho yalikuwa yakimpungua siku hadi siku, jambo ambalo hakumwambia mtu ila Nasrin, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kazi ya macho. Katika chumba kimoja cha Mji Mkongwe wa Bagamoyo walikuwa wakikusanya maandishi ya kale ya familia za mwambao: wosia, nasaba, barua, vyote vya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nasrin, binti wa miaka ishirini na sita, alipitisha karatasi kwenye skana. Bi Mardhiya, aliyefundishwa herufi hizo chuoni na babu yake, alizisoma kwenye kioo na kuzichapa upya kwa herufi za siku hizi.

Daftari la safari hii lilitoka Mlingotini. Mwenyewe, Fundi Kitwana, alikuwa amekufa miaka mingi. Enzi zake alitibu watu waliopandwa na majini, na katika daftari hilo aliandika yote ambayo majini hao walisema kwa vinywa vya wagonjwa. Ukurasa wa mwisho ulianza kwa hati ya kawaida, lakini kila mstari ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia, hata wa mwisho ukawa kama uzi mweusi uliodondoka kwenye karatasi.

"Ngoja nikufungulie mipangilio," Nasrin akasema. Akageuza rangi, nyuma pakawa peusi na herufi za manjano. Akapunguza mwangaza ili usimchome macho. Akaongeza unene wa herufi. "Hapo je?"

"Hapo sasa naona, mwanangu. Ahsante."

Nasrin akasimama kwenda kuchemsha chai. Mausi ilibaki peke yake juu ya meza, na Bi Mardhiya alikuwa bado hajaigusa pale mstari wa mwisho ulipoanza kukua wenyewe, polepole, kama unga unaoumuka.

Alikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti ya chini kabla ya kuchapa. Akasoma hivyo hivyo, bila kufikiri:

"Anisomaye nimo machoni mwake. Anifungulie mlango, nami nitampa nuru."

Chumba kikanuka zafarani na karatasi iliyooza kwa unyevu. Nyuma ya kioo ikasikika sauti ya kalamu ya mwanzi ikikwaruza, kwaru, kwaru, kama mtu anayeandika kwa haraka asije akakatizwa.

"Nasrin! Umesikia?"

"Nini, bi?" Nasrin alirudi na birika mkononi. Akainama kwenye kioo. "Mbona mie hapo chini naona weusi mtupu?"

Kesho yake alfajiri Bi Mardhiya aliamka akatazama dari, na akaona kila boriti, na kila ufa katika boriti, na buibui mdogo katika ufa mmoja, miguu yote minane. Miwani ilikuwa mezani. Alilia kwa furaha. Alisali, akashukuru, na siku nzima kazini alisoma bila kupumzika, hata Nasrin akacheka kwamba bi mkubwa amerudi usichanani.

Nyumbani aliishi na mama yake, Bi Mwanamvua, ajuza wa miaka themanini na miwili ambaye hajavaa miwani maishani mwake. Kila asubuhi alikaa kwenye mkeka uani akishona kofia za mkono, tundu kwa tundu, na sindano aliipitisha uzi mara moja tu. Jioni ile Bi Mardhiya alimkuta ameshika sindano karibu na pua, na uzi umelowa mate kwa kujaribiwa mara nyingi.

"Sindano za siku hizi matundu yake madogo," mama akalalamika.

Bi Mardhiya akampitishia, akanyamaza. Siku ya pili aliona maua ya kofia yametoka nje ya mstari. Akanyamaza pia. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua limejaa ua mzima na kuku wanatafuta kivuli, mama aliinua uso wake akauliza:

"Mardhiya, mbona leo taa hamjawasha?"

Alimpeleka hospitali. Daktari wa macho akamulika, akamulika tena, akasema macho ya bibi ni mazima kabisa, pengine ni uchovu. Njiani kurudi, mama akamshika mkono kwa nguvu.

"Nikuulize kitu, usinione nimechanganyikiwa. Yule mgeni wako ataondoka lini?"

"Mgeni gani, mama?"

"Yule mwanamke. Ukienda kazini tu, anakuja kukaa na mie mkekani. Namsalimia, haitiki. Ananipulizia machoni, taratibu, kama mtu anayepuliza makaa. Pumzi yake baridi, mwanangu, na inanuka zafarani."

Bi Mardhiya akasimama njiani. Alijua. Ukweli ni kwamba alikuwa amejua tangu siku ile ya sindano, na alinyamaza kwa sababu kuona kulikuwa kutamu, kwa sababu alikuwa ameziona tena nyuso za watu barabarani na majani ya mwarobaini moja moja, na alijiambia kesho, kesho nitauliza, na kila kesho ilichukua kipande kingine cha macho ya mama yake.

Alimfikisha mama nyumbani, akaenda ofisini mbio akafungua ukurasa. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na mstari mpya, wino wake ukimeremeta kana kwamba haujakauka: *Mwanamvua binti Msabaha.* Ndilo jina la mama yake.

"Irudishe kama ilivyokuwa," akamwambia Nasrin kwa sauti ya kunong'ona. "Ipunguze. Ifute."

Nasrin alirudisha mipangilio yote. Kioo kikawa cheupe, vitufe vikawa vidogo, faili nyingine zote zikarudi ukubwa wake wa zamani, lakini ule ukurasa ulibaki mkubwa vile vile. Akaifuta picha. Ikarudi. Akachomoa waya ukutani, na kioo kikazima, na katika giza la kioo kilichozimwa herufi za manjano zikaendelea kuwaka, na kalamu ya mwanzi ikakwaruza, na safari hii Nasrin naye aliisikia, akatoka nje akikimbia na viatu akaviacha.

Mchana ule ule walikwenda Mlingotini kwa Kombo, mtoto wa Fundi Kitwana, ndiye aliyewapa daftari. Walimkuta akianika mwani wake kwenye chanja, mzee mwenye mikono iliyochanjwachanjwa na chumvi.

"Shikamoo, mzee Kombo."

"Marahaba. Mbona nyuso hizo?"

Walipomaliza kumweleza, alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi si fundi," akasema. "Nalima mwani. Lakini nilikuwepo. Baba aliwatoa majini wengi kwa ubani na ngoma na maneno mema, wakiomba chano, sinia la vyakula vyao, wanapewa, wanakwenda zao. Huyu mmoja alikataa. Kila akipandishwa na kuulizwa jina anasema, nami nitasema mpaka nisikike. Basi baba akachukua kalamu akaandika kila alichosema, na kila mstari akaupunguza, akaupunguza, mpaka akamfikisha pale jicho la mtu lisipoweza. Kisichosomeka hakisemi. Ndivyo alivyomfunga."

"Na sisi tukakikuza," Nasrin akanong'ona.

"Mngejuaje? Hata mimi niliona daftari tu, nikasema lisiliwe na mchwa bure."

Bi Mardhiya akauliza, ingawa jibu alikuwa ameshaliona usoni mwa yule mzee. "Macho ya baba yako, yalikuwaje baada ya hapo?"

Kombo alitazama mwani wake. "Yaliisha wiki ile ile. Sisi tulisema uzee."

"Nani awezaye kumwandika tena?"

"Aliyemsoma. Na awe na macho ya kufika chini kule." Akamtazama kwa huruma. "Unayo sasa, bi mkubwa. Amekupa mwenyewe."

Walifanya kazi hiyo kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, uani kwa Bi Mwanamvua. Kombo alisaga zafarani kwa maji ya waridi iwe wino, akawasha ubani, akachonga kalamu. Nasrin alimkumbatia bibi aliyekwisha kuwa kipofu, akawa anamsomea Yasini sikioni. Bi Mardhiya alitandika karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa, akamtazama mama yake kwa muda mrefu, akihifadhi kila kunyanzi, kisha akasema bismillahi akaanza.

Aliandika aliyoyasoma. Mstari wa kwanza ulikuwa mpana, na mkono wake ulikuwa imara. Wa tatu ukapungua, na harufu ya karatasi iliyooza ikaja ikaufukuza ubani. Wa sita, moshi wa chetezo ukalala chini kama nyasi zilizokanyagwa, na pumzi ya baridi ikaanza kumgusa shavu, na sauti ambayo haikutoka kwa yeyote pale uani ikamwambia taratibu, kwa upole, kama shoga anayemshauri shoga: acha, Mardhiya, mama yako ameshaona miaka themanini na miwili, ya nini tena, wewe ndiye mwenye kusoma. Bi Mardhiya akaandika maneno hayo hayo, akayapunguza, na kila herufi aliyoiandika ilichukua kitu, kwanza rangi ya kanga aliyoivaa, kisha ukuta wa ua, kisha Kombo, kisha vidole vyake mwenyewe, mpaka ikabaki ncha ya kalamu peke yake katika ukungu mweupe, na yeye akaendelea kuisogeza, ndogo, ndogo zaidi, huku ile sauti ikipanda kuwa kilio, na kilio kikawa kama cha mbu, na cha mbu kikawa kama wazo tu, hata kalamu ikavunjika.

Kukawa kimya. Kuku mmoja akalia.

"Nasrin," Bi Mwanamvua akasema, "wewe mtoto, mbona hujasuka nywele?"

Nasrin akapiga kigelegele, akaangua kilio papo hapo. Kombo alikunja karatasi pamoja na ukurasa wa zamani, akavifunga kwa kitambaa cheupe, akaondoka navyo bila kunywa hata maji. Ofisini kompyuta iliwaka vizuri siku iliyofuata, na ile picha haikuwepo tena.

Bi Mardhiya hakurudi kazini. Alishinda kwenye mkeka karibu na mama yake, na mama alimpasulia samaki akamtolea miiba. Watu walikuja kumpa pole. Aliwajua kwa sauti, maana macho yalimwachia ukungu tu, mweupe mchana, mweusi usiku, bila sura wala kivuli.

Siku ya nane, wakati mama akishona, aligeuza uso kuelekea mlango wa chumba chake, na katikati ya ukungu akaona. Mwanamke amekaa kizingitini, amefunika kichwa. Alimwona kila uzi wa shela yake, kila ukope. Kalamu ya mwanzi ilikuwa mkononi mwake, nzima, na alikuwa akimtazama, akingoja aulizwe jina.

"Unaangalia nini huko?" mama akauliza. "Chumbani hamna mtu."

Bi Mardhiya alisikia sindano ikipita kwenye kitambaa, tundu kwa tundu, bila kukosea.

"Siangalii kitu, mama," akasema. "Shona."