Kuuzika Mto Namatuwa

"Kozi, uzike mto."

Sauti ya Isaya, afisa wa makao makuu, ilikatika kwenye simu ya setilaiti, kisha ikarudi.

"Rudia," alisema Rehema.

"Uzike mto. Agizo limetoka juu. Wanajeshi wote wamekimbilia Kitaya, kumepigwa risasi huko tangu alfajiri. Nadhani ni chambo tu. Huna msaada. Ukichelewa, mzigo unaondoka."

"Nimepata."

Rehema Nandonde alichomeka simu kiunoni, akabaki amelala kifudifudi katikati ya mianzi. Katika kazi yake ya ujasusi aliwahi kuwa nesi, muuza vitenge, hata karani wa bandari. Kozi lilikuwa jina lake la redioni. Leo alivaa kanga mbili na kandambili, kama mwanamke yeyote wa huku.

Chini yake, korongoni, mto Namatuwa ulikuwa unanguruma.

Ni mto mdogo. Mwenye miguu mirefu angeuruka. Unatoka pangoni, chini ya genge, pale ambapo uwanda wa juu wa Wamakonde unakatika ghafla. Kutoka hapo unateremka korongoni chini ya msitu mnene, mahali ambapo hata jua la mchana linafika majini likiwa limechoka. Huko bondeni unajipenyeza kwenye matete karibu na Kitaya, unamwaga maji yake Ruvuma. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji.

Ramani nyingi hazikuuchora.

Mhandisi aliuchora.

Alijiita Vossler. Alikuja na Hilux mbili nyeupe zenye nembo ya shirika la maji ambalo halikusajiliwa popote. Akapima, akapiga picha, akaahidi wanakijiji bomba. Baada ya hapo, kila ukungu ulipotanda Ruvuma, mitumbwi ilivuka kutoka ng'ambo, ikajificha kwenye matete, ikakokotwa kwa kamba kuupanda mto hadi pangoni. Kutoka angani droni ziliona majani matupu. Kelele za maji zilimeza sauti za watu.

Ndani ya pango, kando ya mkondo, palikuwa na ukumbi mkavu. Humo ndimo yalimolundikwa masanduku ya makombora ya kurushwa begani.

Yalikuwa yanakwenda Mtwara, kupiga mitambo ya gesi.

Rehema alikuwa na bastola ya Glock, mkoba wa vilipuzi vya C4 na kitufe cha kulipulia. Walinzi aliwaona wawili tu. Walinzi hawakumtisha.

Kilichomtisha ni foleni.

Wanawake walijipanga hadi mdomoni mwa pango, ndoo na madumu mikononi. Vossler aliwaacha wachote kwa makusudi. Nani angelipua mahali penye wanawake wanaoteka maji?

Na wangeteka wapi kwingine? Uwanda wa juu hauna mto. Mvua ikinyesha, mchanga unaifyonza, maji yanajitokeza huku chini tu, kwenye hili pango. Vijiji vyote vya ukingoni vilikunywa Namatuwa. Mama yake Rehema, kule Newala, alipanda mlima kama huu na ndoo kichwani maisha yake yote. Mpaka anazikwa shingo yake ilikuwa imepinda.

Rehema aliificha bastola chini ya kanga. Akaweka mkoba ndani ya ndoo, akaufunika kwa majani, akashuka.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti nzito. Wenzake walimwita Bi Zainabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikujui. Umeolewa huku?"

"Nisikilize, usigeuke. Waambie wenzako wapande sasa hivi. Wasikimbie, wasipige kelele."

Bi Zainabu alimtazama miguuni. Miguu laini, haijazoea mlima.

"Wewe ni serikali."

"Ndiyo."

"Serikali tunaililia bomba tangu sijavunja ungo. Leo ndiyo imekuja kutufukuza kwenye maji?"

"Mama, mtakufa hapa."

"Na maji?"

Rehema aliweza kudanganya kwa lugha nne. Safari hii aliinua macho kwenye genge lililo juu ya pango.

Bi Zainabu akaelewa. Alisogea mbele ya foleni, akainamia mkondo, akachota. Ndoo haikujaa. Akajitwika hivyohivyo na kusema maneno machache ya Kimakonde. Mmoja akageuka, wa pili akamfuata, foleni nzima ikaanza kupanda kimyakimya.

"Nyie! Mnakwenda wapi?" mlinzi alifoka.

Akainua AK-47.

Rehema alimpiga risasi ya kifua. Wa pili alikimbilia jiwe. Hakulifikia.

Huko juu wanawake walipiga mayowe, madumu yakabingirika.

Rehema alichupa ndani ya pango. Baridi. Giza jepesi. Masanduku yalipangwa hadi darini, na mbele yake alisimama mwanamume mwembamba mwenye kofia ya kijani, ametandaza mikono.

Rashidi. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Alikuwa kwenye picha za Isaya.

"Usipige, dada! Humu mna mabomba ya maji."

"Fungua moja."

"Mhandisi kakataza, eti yataingia kutu."

Rehema alipiga teke sanduku la karibu. Kifuniko kikaruka. Rashidi alilitazama kombora lililolala kwenye maranda. Akavua kofia yake.

"Niliwaapia watu," alisema. "Niliapa msikitini kwamba bomba linakuja."

Rehema alikuwa tayari anabandika C4, moja kwenye masanduku, nyingine kwenye nguzo ya mwamba.

"Dada, yatoe nje kwanza. Yalipue huko. Niachie chemchemi."

"Kwa mikono miwili? Magari yanashuka."

Ni kweli. Injini zilisikika kwa juu, zikija.

"Basi niache humuhumu."

Rehema alimkamata ukosi, akamburuta. Hakupigana. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu.

Walipotoka kwenye mwanga, risasi ilipasua mwamba kando ya sikio la Rehema. Vipande vikamchana shavu. Akamsukuma Rashidi kwenye matope, akabiringika, akafyatua.

Vossler, aliyeyatangulia magari kwa miguu, alianguka mdomoni mwa pango, paja limetobolewa, bastola yake ikazama mkondoni. Alikuwa na Kiswahili kizuri, cha kufundishwa.

"Huwezi," alisema akihema. "Wewe ni mtu wa hapa. Huwezi kuua maji ya watu wako."

Akaanza kutambaa kuingia ndani, azing'oe nyaya za C4.

Rehema alimvuta Rashidi nyuma ya jabali.

Akabonyeza.

Mlima ulikohoa. Makombora yaliitikia moja baada ya jingine. Genge zima likateremka polepole na miti yake, mivule na mipingo iliyosimama kabla nchi haijawa nchi, likalala juu ya pango. Vumbi likafunga korongo.

Lilipotulia, Rehema alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia pale.

Kimya.

Mkondo ulikatika. Maji yaliyobaki yalichuruzika kati ya mawe, yakawa vidimbwi, vidimbwi vikanywewa na mchanga. Samaki wadogo walirukaruka kwenye tope, kisha wakaacha.

Magari mawili huko juu yaligeuza na kukimbia.

Simu ikalia.

"Kozi?"

"Mzigo umezikwa. Vossler pia. Raia wote wazima."

"Kazi safi. Wakubwa wamefurahi. Kuna jambo jingine. Droni imeona gari jeupe kwenye kijito kingine, mashariki yako. Wanapima. Mtindo ni uleule."

"Vijito viko vingapi kwenye ukingo huu?"

"Hakuna anayejua."

"Na hapa? Nani analeta maji?"

"Hilo si letu. Nitaliandika kwenye ripoti."

Isaya alikata simu.

Rashidi alikuwa amepiga magoti penye mdomo wa pango wa zamani, akichimba kifusi kwa kucha. Rehema alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, na wanawake walikuwa wamekaa kando yake, wameyatazama mawe. Hakuna aliyelia. Rehema alipanda akipita katikati yao, uso umejaa vumbi na damu, koo limemkauka. Alipokaribia, kila mwenye ndoo aliifunika kwa kanga.

"Yatarudi?" aliuliza Bi Zainabu, mkono juu ya ndoo yake.

"Hapana, mama."

Rehema aliendelea kupanda.

Juu, kwenye mikorosho, pikipiki yake ya Honda ilikuwa palepale alipoificha. Rehema alipangusa miwani ya jua kwa ncha ya kanga, akaivaa. Akabadilisha magazini ya Glock.

Akapiga kiki, akashika njia ya mashariki.