Kiti cha Njuki

Asubuhi hiyo Karimi aliingia jikoni akakuta kiti cha mumewe kinadondoka maji. Haikuwa mvua. Embu nzima ilikuwa imekauka, mbuzi wametokeza mbavu, na paa la jiko halikuwa na tundu hata la sindano. Kiti kilikuwa palepale alipokiangika jana jioni, juu ukutani, miguu yake mitatu imeelekea nje, na kutoka kwenye ubao wa kukalia maji yalikuwa yakidondoka tone kwa tone hadi yakafanya kidimbwi kwenye majivu. Alichovya kidole akaonja. Yalikuwa na chumvi.

Alitema, akakikausha kiti kwa upindo wa leso, akawasha moto wa uji. Angemwambia nani? Nyumba haikuwa yake.

Ilikuwa nyumba ya Kivuti, hedimani aliyewekwa na serikali kusimamia kijiji, kaka mkubwa wa mumewe. Miaka hiyo ya Emajensi, serikali ikipigana na waasi wa msituni, ilikuwa imechoma nyumba za watu na kuwarundika wote katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa. Ukitoka bila pasi unapigwa risasi, ukibaki unalala na njaa. Kivuti peke yake ndiye aliyejengewa nyumba ya mabati karibu na kambi ya homgadi, wanamgambo wa serikali, yenye jiko lililoshikana na sebule. Siku nyumba ya Karimi ilipochomwa alikuwa shambani. Alifika mbio, moto umeshakula paa, akaingia hivyo hivyo, akatoka na kitu kimoja tu, kiti cha mumewe Njuki.

Kwa watu wa huko kiti cha mwanamume si samani. Mgeni hakikalii, mtoto hakikalii, na ndugu ndiye wa mwisho kabisa kukikalia. Mwenyewe akiwa safarini, kiti huangikwa ukutani kumngoja. Hakishuki kwa ajili ya mtu mwingine mpaka mwenyewe afe, mjane wake anyolewe nywele, na wazee wamkabidhi mrithi mbele ya ukoo. Hilo linajulikana hata kwa mlevi aliyelala mtaroni.

Njuki alikuwa safarini, kama hiyo inaweza kuitwa safari. Mwaka juzi watu walipangwa mstari mbele ya askari, akaletwa mtu aliyevikwa gunia kichwani, gunia lenye matundu mawili ya macho. Mwenye gunia alipita akitikisa kichwa, na kila aliyetikisiwa kichwa alipakiwa kwenye lori. Alipofika mbele ya Njuki alisita, akakohoa, kisha akatikisa. Kikohozi kile Karimi alikijua. Sasa alikuwa akikipikia uji kila asubuhi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na bado lazima uvae nguo. Karimi alivumilia kupika, kufua na kutukanwa katika nyumba ile kwa sababu moja. Kivuti ndiye aliyeingia ofisini kwa Bwana Shauri, mzungu mtawala wa wilaya, na ni ofisini peke yake habari za Njuki zingeweza kufika. Alichotaka Karimi ni neno moja: yu hai au amekufa. Kila alipouliza, Kivuti alijibu yuko salama, yuko kizuizini kisiwani, bahari imemzunguka pande zote, wala asiwe na wasiwasi.

Halafu ikaja habari ya mapumziko. Bwana Shauri alikuwa amependezwa na kazi ya Kivuti, akampa yeye na mkewe Teresia siku chache za kupumzika pwani, kwenye kisiwa chenye minazi na mchanga mweupe, safari yote juu ya serikali. Kijiji kizima kilikuwa hakiruhusiwi kwenda mtoni bila askari, na hawa wawili walikuwa sebuleni wakibishana kama bahari ina mbu. Karimi aliwasikia akiwa anakoroga sufuria. Teresia alikuwa anashona gauni la maua, akitaka kujua kama wanawake wa huko hufunika mabega. Alisema samaki hatakula, lile ni joka la majini, kwa hiyo wabebe maharagwe yao ya njahi na nduma. Kivuti alikunja suruali mpaka magotini akatembea huku na huko, akijifunza kukanyaga maji. Wakacheka. Karimi alishika mwiko akatamani uwe panga.

Hata hivyo alimeza hasira yake, akaenda kusimama mlangoni.

"Shemeji, bahari hiyo si ndiyo ile ya Njuki?"

Kivuti alisema ndiyo, ila kisiwa cha Njuki kiko mbele zaidi, mwendo wa mashua. Akaahidi kwamba akiwa na kitu cha kumpelekea, atampa askari amfikishie. Karimi alisaga ugoro mzuri, akaufunga kwa ganda kavu la mgomba jinsi Njuki alivyopenda. Kivuti aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Jioni ileile Karimi akamsikia kupitia ukutani akipiga chafya, akinyamaza, akipiga chafya tena.

Na jana, siku moja kabla ya kiti kulowa, Kivuti aliingia jikoni akisugua goti lake bovu. Alikuwa ameambiwa kwamba pwani watu hukaa chini mchangani, na goti lile lisingekubali. Macho yake yakapanda ukutani. Akakishusha kiti, akakiweka karibu na moto, akakikalia, akajisogeza kulia na kushoto.

"Hiki kitanifaa," alisema. "Kioshe, ukifunge kwenye gunia."

Karimi alikinyoshea kiti kidole. "Na Njuki akirudi?"

Kivuti alimtazama kidogo, akakohoa, akatoka. Karimi hakukifunga kiti kwenye gunia. Alikirudisha ukutani, akakaa akikitazama mpaka moto ukazimika. Moyo wake ulikuwa umeshajua, ila mdomo ulikataa kusema.

Baada ya maji ya chumvi ikaja sauti. Kwanza waliidhani ni lori linalopanda barabara ya Meru, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia bahari. Lilinguruma kwa mbali, likakaribia, likafika mlangoni, kisha badala ya kupita likarudi nyuma kwa mkwaruzo mrefu, na likaanza tena. Kivuti alitoka nje akatazama barabara. Ilikuwa tupu mchana kweupe, na vumbi halikutimka.

Kisha harufu. Katika nyumba ambayo samaki hajawahi kuvuka kizingiti kulinuka samaki aliyeoza na majani ya majini yaliyochacha. Teresia alipiga deki, akachoma majani ya mkalitusi, akafungua madirisha, lakini la kuvunda halina ubani. Chumvi ikaota ukutani, nyeupe, kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, na kila siku ilipanda kidogo. Ugali ukawa na mchanga. Karimi aliuchekecha unga mbele ya macho ya Teresia, akausonga, na bado Kivuti akauma mchanga akatema.

Siku ya Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani na jua liko utosini, Teresia alivaa gauni lake jipya ajitazame kwenye kioo, akatia mikono mifukoni akakuta mchanga, akautoa, akakuta mwingine, akaugeuza mfuko nje nao ukaendelea kumimina mchanga mweupe mkavu juu ya miguu yake kama unatoka kwenye debe lisilo na mwisho, na alipokuwa akirudi nyuma huku akiita jina la mumewe kwa sauti isiyotoka, aliona sakafuni alama za nyayo zilizolowa zikiingia kutoka jikoni, moja, kisha nyingine, polepole, za mguu mpana ambao kidole chake kidogo kilikuwa kimekatika, zikipita mbele yake, zikipita sanduku la safari lililokwisha kufungwa, mpaka zikasimama mbele ya Kivuti aliyekuwa ameketi akila. Karimi alikuwa mlangoni na bakuli mkononi. Aliukumbuka ule mguu. Alikuwa ameuosha yeye mwenyewe siku panga lilipomponyoka Njuki shambani.

Na sauti ikasema kwa Kiembu, sauti kavu ya mtu mwenye kiu, "Kivuti, nipishe nikae."

Kivuti alianguka kutoka kitini na sahani yake.

"Ni jini," Teresia alinong'ona baadaye. "Pwani wana majini. Wamesikia tunakuja, wametuma mmoja atuangalie."

Kivuti alikubali upesi, kwa sababu jini ni mgeni na mgeni hana kesi na mtu. Mwaka ule ule yeye mwenyewe alikuwa amefunga waganga wawili, akidai wanalisha watu kiapo cha waasi. Sasa alikwenda ofisini akamwandikishia pasi mganga Mbaka, mzee wa Mbeere, kutoka kule kwenye joto la Kiambere, akamleta kwa gari la homgadi. Mnafiki hana haya akibanwa.

Mbaka alikuwa mfupi, mwenye koti kubwa la jeshi. Alikaa chini, akatikisa kibuyu chake, akamwaga kokoto, akazigawa, akazikusanya, akazimwaga tena. Mawimbi yalikuwa yakinguruma mlangoni na yeye hakugeuza kichwa.

"Niliambiwa ni jini," alisema. "Jini wa pwani Kiembu amekijulia wapi? Huyu ni mtu wa hapa. Anataka kiti chake. Nani amekikalia?"

Mbaka aliomba kiletwe. Karimi alikiangua, kimelowa tena, akakiweka katikati ya sebule. Mzee alikitazama, akamtazama Karimi kichwani, akaona nywele.

"Mjane hajanyolewa," alisema polepole. "Na kiti kimeshuka. Hedimani, sema, la sivyo naenda zangu nikuache naye."

Maji yalianza kuonekana chini ya mlango. Kivuti aliyatazama, akapandisha miguu juu ya kiti alichokalia.

"Alikufa," alisema. "Wakati wa kupanda mtama. Alipatwa na homa, wakamzika hukohuko mchangani. Bwana Shauri aliniambia."

Wakati wa kupanda mtama. Mtama ulikuwa umeshavunwa. Karimi alihesabu uji wote aliopika tangu siku ile, ugoro aliosaga, maombi aliyoomba akimtaja Njuki pamoja na walio hai, na hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ya wote.

Ni Teresia aliyejibu, macho yakiwa kwenye sanduku.

"Tungekaa matanga, dada. Tungenyoa. Na nyumba yenye matanga haisafiri, unajua. Tulikuwa tukuambie tukirudi."

Hata Mbaka aliinamisha kichwa. Kisha akasema dawa ipo na leo leo inawezekana. Atachinja mbuzi, atazungusha damu, atamfungia njia. Lakini neno la kumuaga marehemu si la mganga wala la kaka. Ni la mke. Amwambie, nenda, Njuki, nimekuona. Akisema hivyo nyumba itakauka.

Kivuti alishuka akapiga magoti ndani ya maji, goti bovu na goti zima.

"Karimi, nakuomba. Sema. Nitakupa shamba, nitakupa pasi, nitakupa chochote. Mwambie aende."

Mbaka alimgeukia Karimi. "Mwanangu, fikiri. Ukikataa, yeye pia hapumziki."

Karimi alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu lile lori liondoke, machozi ya mke aliyefiwa na machozi ya mtu aliyefanywa mjinga, yakichanganyika. Kisha akajifuta kwa leso. Alikiinua kiti cha miguu mitatu, akakipeleka mbele ya sanduku la safari, mahali pa mwenye nyumba, akapangusa ubao wake kwa kiganja.

"Amelala mchangani siku nyingi," alimwambia mzee. "Akae kwanza."

Akageukia mlango ulio wazi, akaongea kama mke anavyompokea mume aliyetoka mbali. "Karibu, baba. Kaa. Hapa ni kwa ndugu yako."

Mngurumo ukakoma. Katika kile kimya wote wanne walisikia kiti kikilia kidogo, kama kiti cha mti kinavyolia kikipokea mtu mzito. Mbaka aliokota kokoto zake bila kuzihesabu akatoka nje. Karimi alimfuata, na jioni hiyo mwanamke mmoja jirani alimnyoa kwa wembe.

Asubuhi lori la safari lilikuja likapiga honi mpaka dereva akachoka. Teresia alitoka peke yake akiwa na gauni la jana, akapita bila kulitazama, akashika njia ya kwao Runyenjes na hakurudi. Gauni la maua lilibaki ndani. Homgadi waliambiwa wailinde nyumba ya hedimani wao, wakasema afadhali wapelekwe msituni.

Karimi alipewa pembe ya kibanda upande wa pili wa kijiji. Alikaa matanga yake yote, wanawake wakimletea kuni. Matanga yalipokwisha alianza tena kwenda mtoni na wenzake, mtungi mgongoni, askari nyuma yao, na njia ilipita mbele ya nyumba ya mabati. Mlango ulikuwa wazi siku zote. Ndani, kiti cha miguu mitatu kilikuwa mahali pake, kitupu, na ubao wake umelowa. Kivuti alikuwa amechutama juu ya meza, suruali imekunjwa mpaka magotini, akitazama sakafu kavu na kuvuta miguu kila baada ya muda.

Alipomwona Karimi aliinua uso.

"Maji yamepungua?" aliuliza kwa kunong'ona.

Karimi alisimama, akaweka sawa kamba ya mtungi kwenye paji la uso, chini ya kichwa chake kilichonyolewa. Aliangalia kiti, kisha akamwangalia yeye.

"Bado, shemeji," alisema. "Ndiyo kwanza yanajaa."